Arne Tiselius

Arne Wilhelm Kaurin Tiselius (10 Agosti 1902 – 29 Oktoba 1971) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Uswidi. Anajulikana hasa kwa kuunda mashine iliyotenganisha protini za damu kwa nguvu ya umeme, kwa njia inayoitwa elektroforesi. Mwaka wa 1948 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti huo pamoja na kazi yake kuhusu adsopsheni, yaani jinsi molekuli zinavyonata juu ya uso wa kitu kigumu.

Elektroforesi hutumia ukweli kwamba molekuli nyingi za viumbe hai hubeba chaji ya umeme. Zikiwekwa katika kiowevu kati ya elektrodi mbili, zenye chaji hasi huelekea elektrodi chanya na zenye chaji chanya huelekea elektrodi hasi. Kila aina huenda kwa mwendo wake, hivyo baada ya muda mchanganyiko hugawanyika. Siku hizi kazi hii hufanyika zaidi ndani ya jeli, na ni kati ya vipimo vya kila siku katika maabara za biolojia na za hospitali.

Maisha ya awali

Tiselius alizaliwa mjini Stockholm. Baba yake alikuwa amesoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Uppsala akafanya kazi katika kampuni ya bima. Mama yake, Rosa Kaurin, alikuwa binti wa mchungaji wa Norwei. Baba alifariki mwaka wa 1906, Arne akiwa bado mtoto mdogo, na mama akahamia na watoto wake mjini Göteborg walikoishi jamaa zao. Huko Arne alisoma sekondari, na mwalimu wake wa kemia na biolojia alitambua kipaji chake akamtia moyo.

Mwaka wa 1921 alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala alikosoma baba yake. Alipata shahada mwaka wa 1924 katika kemia, fizikia na hisabati. Mwaka uliofuata akawa msaidizi wa Theodor Svedberg, mwanakemia aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1926. Svedberg alikuwa ameunda sentrifuji yenye kasi kubwa sana iliyoweza kupima uzito wa molekuli za protini. Alimpa kijana huyo kazi ya kutafuta njia ya pili ya kuzitambua protini: kwa chaji zake za umeme.

Tasnifu ya 1930

Wakati ule elektroforesi ilifanyika katika mrija wa kioo wenye umbo la herufi U. Mchanganyiko wa protini ulimwagwa chini, na juu yake, pande zote mbili, kiowevu safi cha bafa. Umeme ulipopita, mpaka kati ya protini na bafa ulisogea. Protini nyingi hazina rangi, kwa hiyo Tiselius alipiga picha za mpaka huo kwa mwanga wa urujuanimno, ambao protini huufyonza.

Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1930 ilieleza njia hiyo, na ilisomwa na wataalamu wengi. Hata hivyo mwenyewe hakuridhika. Protini zilizoonekana kuwa aina moja katika sentrifuji zilitoa mipaka iliyofifia au kupanuka katika mrija wake. Hakuweza kusema kwa uhakika kama protini hizo zilikuwa mchanganyiko au kama kasoro ilikuwa katika chombo. Mwaka huohuo alimwoa Ingrid Margareta Dalén, aliyeitwa Greta. Walizaa mtoto wa kiume na wa kike.

Kwa miaka kadhaa Tiselius aliacha elektroforesi. Alichunguza zeoliti, madini yenye vinyweleo vidogo sana, na jinsi maji na gesi zinavyopenya ndani ya fuwele zake.

Marekani na kurudi kwenye swali la zamani

Mnamo 1934 na 1935 alifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, pamoja na Hugh Taylor, kwa msaada wa Mfuko wa Rockefeller. Rasmi kazi yake ilikuwa bado zeoliti. Lakini huko alikutana na watafiti wa protini, vimeng'enya, virusi na kingamwili, na aliona kwamba wote walihitaji kitu kimoja: njia ya kutenganisha protini bila kuziharibu. Aliporudi Uppsala aliamua kujenga chombo chake upya.

Mashine ya 1937

Tatizo kubwa lilikuwa joto. Umeme unapopita katika kiowevu chenye chumvi hukipasha moto. Ukiongeza volti mara mbili, mkondo nao huongezeka mara mbili, hivyo joto linalozalishwa huwa mara nne. Katikati ya mrija kiowevu huwa na joto zaidi kuliko kando penye kioo kinachopozwa na hewa. Kiowevu chenye joto hupanda na cha baridi hushuka, na mzunguko huo huchafua mpaka wa protini. Ukipunguza umeme ili kuepuka joto, protini hutembea polepole mno na mpaka hufifia wenyewe. Kwa hiyo mtafiti alibanwa pande zote mbili.

Tiselius alilitatua tatizo hilo kwa hatua kadhaa:

- Alibadilisha mrija wa mviringo kuwa chumba chembamba cha pembe nne, ili joto litoke haraka kupitia kuta zake pana.
- Alizamisha chombo chote katika maji baridi yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Maji huwa na densiti kubwa kabisa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, na hapo tofauti ndogo ya joto karibu haibadilishi densiti. Basi hata joto likitokea, kiowevu hakizunguki.
- Aligawa chumba katika vipande vilivyoweza kuteleza kimoja juu ya kingine, ili sehemu iliyokwisha kutengana ifungiwe na kutolewa peke yake.
- Aliweka elektrodi mbali, ndani ya vyombo vikubwa vya chumvi, tena za aina isiyotoa mapovu ya gesi, ili mabadiliko ya kemia yasifikie protini.
- Alitumia mbinu ya macho inayoonyesha mahali mwanga unapopindwa kwa sababu kiowevu kinabadilika, hivyo kila mpaka ulionekana kama mstari.

Kwa kuwa chombo kilipozwa vizuri, sasa aliweza kutumia volti kubwa zaidi bila kuharibu mpaka. Maelezo ya mashine yalichapishwa mwaka wa 1937. Ilikuwa kubwa, yenye urefu wa mita kadhaa, na ya gharama kubwa, hivyo mwanzoni maabara chache tu ziliweza kuwa nayo.

Protini za seramu

Alipoweka seramu ya damu katika mashine hiyo, ilionyesha mipaka minne. Wa kwanza ulikuwa wa albumini, ambayo ilijulikana tayari. Iliyobaki ilikuwa ya globulini, ambazo zamani zilihesabiwa kama kundi moja. Tiselius aliziita alfa, beta na gama, kwa kufuata mwendo wake. Majina hayo yanatumika hadi leo katika hospitali.

Pamoja na Mmarekani Elvin Kabat alionyesha mwaka wa 1939 kwamba kingamwili nyingi zimo katika kundi la gama. Walitumia seramu ya wanyama waliochanjwa. Kingamwili zilipoondolewa, sehemu ya gama ilipungua waziwazi. Shaka yake ya mwaka 1930 ilipata jibu: vitu vilivyoonekana kuwa kimoja vilikuwa kweli mchanganyiko.

Uprofesa na Tuzo ya Nobel

Mwaka wa 1938 Chuo Kikuu cha Uppsala kilimpa uprofesa wa biokemia, ulioanzishwa kwa fedha za wafadhili. Katika miaka ya 1940 alielekeza nguvu kwenye kromatografia, yaani kutenganisha vitu kwa kuvipitisha katika mrija uliojaa unga unaovinasa kwa nguvu tofauti. Maabara yake ilivuta wageni wengi, wakiwemo Waingereza Richard Synge na Frederick Sanger, ambao baadaye nao walipata Tuzo ya Nobel. Kati ya wanafunzi wake, Jerker Porath alishiriki kubuni njia ya kuchuja molekuli kwa jeli, na Stellan Hjertén alikuwa kati ya watu wa kwanza kutumia agarosi, dutu itokanayo na mwani, kama jeli ya elektroforesi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alisaidia kuanzisha baraza la utafiti wa sayansi asilia nchini Uswidi. Alikuwa rais wa Umoja wa Kimataifa wa Kemia Tupu na Tumizi (IUPAC) mwaka 1951 hadi 1955, na rais wa Taasisi ya Nobel mwaka 1960 hadi 1964. Katika miaka yake ya mwisho alijishughulisha na swali la wajibu wa wanasayansi kuhusu matumizi ya uvumbuzi wao.

Alifariki mjini Uppsala tarehe 29 Oktoba 1971 kwa ugonjwa wa moyo. Kasoko moja ya mwezini imepewa jina lake.

Seli mundu na Afrika

Mwaka wa 1949 Linus Pauling, Harvey Itano na wenzao huko California walitumia mashine ya aina ya Tiselius kuchunguza hemoglobini ya wagonjwa wa seli mundu. Waliona kwamba hemoglobini yao ilitembea tofauti na ya watu wenye afya. Watu waliorithi jeni moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, walikuwa na mchanganyiko wa aina zote mbili. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza kuelezwa kuwa umetokana na kasoro katika molekuli moja. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha katika Afrika Mashariki kwamba wenye jeni moja wana kinga fulani dhidi ya malaria, jambo linaloeleza kwa nini jeni hiyo imeenea katika maeneo yenye mbu wengi.

Hadi leo elektroforesi ya hemoglobini ni mojawapo ya vipimo vya seli mundu nchini Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Katika bafa ya alkali hemoglobini zote huelekea elektrodi chanya, lakini ile ya seli mundu hubaki nyuma kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwambia mzazi kama mtoto ni mgonjwa au amebeba jeni tu, kwa hiyo michirizi iliyopinda au kufifia si jambo dogo.

Chanzo cha umeme katika maabara ya leo

Mwaka wa 1955 Oliver Smithies alianza kutumia jeli ya wanga, na baadaye zikaja poliakrilamidi na agarosi. Jeli huzuia kiowevu kisizunguke, hivyo mashine kubwa ya Tiselius haikuhitajika tena. Kilichobaki ni trei ya jeli, bafa, na kifaa cha kutoa umeme wa mkondo nyoofu. Lakini joto halikuondoka.

Kwa DNA katika agarosi, kipimo cha kawaida ni takriban volti 5 kwa kila sentimita kati ya elektrodi. Elektrodi zikiwa umbali wa sentimita 20, kifaa huwekwa kwenye volti 100. Volti zikishikiliwa bila kubadilika, bafa inavyopata joto upinzani wake hupungua na mkondo huongezeka. Katika jeli nyingi za protini hali ni kinyume: upinzani huongezeka kadiri muda unavyopita. Hapo wengi huchagua kushikilia mkondo, ili mwendo usipungue, wakijua kwamba volti na joto vitapanda kuelekea mwisho.

Matatizo ya kawaida na sababu zake ni haya:

- Kifaa kinawaka lakini mkondo unasoma sifuri na hakuna mapovu kwenye elektrodi: njia ya umeme imekatika. Huenda kifuniko hakijakaa vizuri, waya umekatika ndani, uzi wa platini umevunjika, au bafa haifikii jeli.
- Mkondo ni mdogo mno: huenda bafa imezimuliwa kupita kiasi au maji matupu yametumika.
- Mkondo ni mkubwa mno na jeli inapata joto: mara nyingi bafa kali ya akiba imetumika bila kuzimuliwa.
- Michirizi ya katikati imetangulia ile ya pembeni: katikati ya jeli pana joto zaidi. Punguza volti au poza chombo.
- Sampuli zinarudi nyuma: nyaya zimebadilishana. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo vishimo vya sampuli huwa upande wa elektrodi hasi.
- Kifaa kinajizima chenyewe: huenda umeme unavuja kupitia bafa iliyomwagika mezani.

Kabla ya kugusa chochote, kifaa huzimwa kwanza na nyaya huchomolewa, kwa kuwa volti hizi katika bafa yenye chumvi zinaweza kumuua mtu. Kisha huanzwa na kitu kilicho rahisi kukagua, yaani bafa na nyaya, kabla ya kulaumu kifaa chenyewe.