Jules Verne (1828–1905): Mzinga Ndani ya Kilimanjaro

Mwanafunzi mpenzi, ukiulizwa maudhui ya mabadiliko ya tabianchi yaliingia lini katika riwaya pendwa, usikimbilie kutaja vitabu vya juzi na jana. Mjue kwanza Mfaransa huyu.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 katika mji wa Nantes. Baba yake, aliyekuwa wakili, alimpeleka Paris kusomea sheria. Alihitimu, lakini moyo wake ulikuwa katika uandishi. Alitunga tamthilia, kisha akafanya kazi katika soko la hisa ili kukimu familia yake. Mwaka wa 1863 mchapishaji Hetzel alitoa riwaya yake kuhusu safari ya puto iliyoanzia Zanzibar. Wasomaji waliipenda, na tangu hapo Verne akaishi kwa kalamu.

Mnamo 1886 mtoto wa nduguye, aliyekuwa mgonjwa wa akili, alimpiga risasi mguuni. Verne alichechemea maisha yake yote. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa diwani mjini Amiens.

Mwaka wa 1889 alichapisha riwaya ya *Sans dessus dessous*. Humo, kampuni ya Marekani inanunua eneo la Ncha ya Kaskazini mnadani. Inataka makaa ya mawe inayoamini yamo chini ya barafu. Ili kuyeyusha barafu hiyo, inachimba mzinga mkubwa ndani ya Kilimanjaro ili kishindo chake kiuhamishe mhimili wa dunia. Mwanzoni watu wanashangilia ahadi ya hali nzuri ya hewa. Wanapogundua kwamba bahari zitahama na kuzamisha nchi nzima nzima, wanaghadhabika. Mzinga unalipuliwa, lakini dunia haitikisiki. Mtaalamu wa hesabu alisahau sifuri tatu!

Zingatia kinaya hapo: dunia inaokolewa na kosa la hesabu, si sheria wala busara. Zingatia udhaifu pia: Verne hakuwahi kufika Kilimanjaro, na wenyeji wengi katika riwaya hiyo ni vibarua tu, hawaulizwi lolote kuhusu mlima wao.

Verne alifariki tarehe 24 Machi 1905 mjini Amiens.

Zoezi: Katika riwaya unayoisoma, ni nani anayefaidika mazingira yanapoharibiwa, na ni nani asiyeulizwa? Thibitisha kwa hoja nne. (alama 8)