P.O. Ackley: Mkulima wa viazi aliyegeuka fundi na kulipua bunduki makusudi

Ukitaja bunduki, wasee wengi huwaza muvi za action ama polisi. Wachache sana huwaza fundi ameinama kwa mashini ya kukereza, akipima chuma hadi sehemu moja ya 1,000 ya inchi. Huyo ndiye alikuwa Parker Otto Ackley, ama P.O. tu, na hadi leo wawindaji wa Marekani wanabishana juu ya kazi yake.

Jamaa alizaliwa 1903 huko Granville, jimbo la New York. Alisomea kilimo Syracuse University, akamaliza 1927 na kurudi shambani kupanda viazi. Kisha uchumi wa Marekani ukaanguka vibaya, na viazi vikakosa bei. Kuchezea bunduki ilikuwa hobi yake, so akaamua hiyo hobi ndiyo itamlisha. 1936 akanunua karakana ya fundi mwingine huko Roseburg, Oregon, upande ule mwingine kabisa wa nchi. Shida ni kwamba kutengeneza mtutu hakujua. Hakuona aibu, akaenda Cincinnati kufunzwa na fundi aliyeiva.

Sasa shika hii kidogo ndio stori ishikane. Risasi nzima ni ganda la shaba lililobeba baruti, na kile kichwa kinachoruka kiko mbele. Ganda hukaa ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu. Baruti ikiwaka, presha kwa bunduki ya .30-06 inaweza kufika psi 60,000. Tairi ya gari ni kama psi 32. Kinachozuia huo moto usikurudie usoni ni lile ganda jembamba kuvimba na kushika kuta za chemba. Chemba ikiwa ndefu kupita kiasi, ganda linavutika hadi linakatika, na hapo ni noma. Ikiwa fupi sana, bunduki haifungi. Kati ya hizo mbili, nafasi ya fundi ni kama upana wa unywele.

Mafundi wengi wa enzi hizo walikuwa wanapanua chemba ndio baruti iingie mingi na kichwa kiende mbio. Lakini mteja akishanunua bunduki kama hiyo, risasi za dukani hazikai vizuri. Ackley alikuja na ujanja wake. Alinyoosha ubavu wa chemba, bega akalifanya kali, nyingi zikiwa digrii 40 badala ya zile 17 na nusu za .30-06. Halafu, na hapa ndipo kuna kazi, akaurudisha mtutu nyuma kidogo ndio chemba iwe fupi kwa kama sehemu 4 za 1,000 za inchi. Kwa hivyo risasi ya kawaida ya dukani inaingia ikiwa imebanwa pale shingo inapokutana na bega. Ukiipiga, ganda linafura na kuchukua umbo jipya la chemba. Ukiliokota, unalijaza baruti tena, na sasa linabeba mingi kuliko mwanzo. Msee akiishiwa na hizo zake akiwa porini, ananunua za kawaida kwa duka lolote na bado bunduki inafanya kazi. Fundi mvivu akiruka hatua ya kurudisha mtutu, ganda linaweza kukatikia ndani. Ngori iko hapo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi kwa ghala la silaha la Ogden, Utah. Vita vilipoisha akahamia Trinidad, Colorado, akafunza vijana ufundi kwa chuo cha huko, kisha akatulia Salt Lake City.

Kitu kilichomtofautisha ni kwamba hakupenda mabishano ya midomo. Watu wakisema bunduki fulani ni dhaifu, yeye anaijaza baruti hadi ilipuke, anaandika matokeo. Arisaka Type 38 ya Wajapani, ambayo Wamarekani walikuwa wanaidharau, ndiyo ilivumilia kuliko zote alizojaribu. Zoezi lake kali zaidi lilikuwa na Winchester 94 yenye chemba yake ya .30-30. Alitoa kabisa kile chuma kinachofunga bunduki kwa nyuma, kisha akapiga risasi. Ganda likabaki mahali pake, limeshika kuta. Usijaribu, manake chemba ikiwa na mafuta kidogo tu, ule mshiko unaisha.

Na alikuwa na utani pia. Kwa rafiki yake Bob Hutton wa gazeti la Guns & Ammo, alitengeneza risasi yenye ganda kubwa la .378 Weatherby Magnum likisukuma kichwa kidogo cha .22. Akaipa jina la Kijerumani cha uongo, Eargesplitten Loudenboomer, yaani kitu cha kupasua masikio. Walitaka futi 5,000 kwa sekunde. Ilifika kama 4,600.

1962 alitoa kitabu cha mafundi na wajaza risasi, na humo alikuwa mkweli kuliko wauzaji wengi: baadhi ya hizi risasi za kujibunia hazina maana. Hata .30-06 yake mwenyewe haiongezi kasi ya kuringia. Ile ya .257 Roberts, hiyo sawa.

Alifariki 1989. Miaka kama 20 baadaye kampuni ya Nosler ikaifanya .280 Ackley Improved kuwa risasi rasmi ya kiwandani. Tatizo ni kwamba vipimo vya kiwandani vinatoa chemba fupi kidogo kuliko nyingi zilizochongwa na mafundi wa kitambo. Mwenye bunduki ya zamani iliyoandikwa jina hilo hilo anafaa apeleke kwa fundi ipimwe kabla hajanunua hata boksi moja.