Thomas Graham: Mwanakemia Aliyefichua Siri ya Gesi Ndani ya Metali

Leo twawaletea askari na polisi wetu maisha ya Thomas Graham, mwanakemia wa Uskochi aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Hakubeba silaha wala hakuongoza vita. Hata hivyo, aliyoyagundua yangali yanamhusu kila mtu ambaye uhai wake hutegemea chuma: dereva, fundi, mpiga redio na mlinzi wa ghala la silaha.

Graham alizaliwa mjini Glasgow tarehe 20 Desemba 1805. Baba yake alitaka mwanawe awe mchungaji wa kanisa. Kijana akachagua kemia, baba akakasirika, ikambidi ajitafutie riziki kwa kufundisha na kuandika. Mwaka 1830 alipata uprofesa mjini Glasgow, na mwaka 1837 akahamia London. Mwaka 1841 wanakemia wa huko walipounda chama chao, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Kanuni yake ya mwendo wa gesi yafundishwa shuleni mpaka leo: gesi nyepesi hupenya upesi kuliko gesi nzito.

Mwaka 1855 alikabidhiwa uongozi wa kiwanda cha kupiga sarafu za Uingereza, cheo ambacho zamani kilishikwa na Isaac Newton. Kazi hiyo ilikuwa nzito, na kwa miaka michache utafiti wake ulififia; lakini hakuuacha.

Mwaka 1866 ndipo alipotoa habari zake kuhusu paladiamu, metali yenye undugu na platinamu. Macho huiona metali kama ukuta usio na mlango. Graham alionyesha kuwa paladiamu hunywa haidrojeni kama sifongo inywavyo maji, hata kipande kimoja kikameza gesi yenye ujazo wa mamia ya mara kuliko ujazo wake chenyewe. Waya wa paladiamu ulirefuka uliposhiba gesi. Gesi ilipofukuzwa, ukafupika kuliko ulivyokuwa mwanzo. Yeye alidhani haidrojeni imegeuka metali humo ndani. Leo twajua kuwa atomi za haidrojeni, kwa udogo wake, hujipenyeza na kukaa katika nafasi zilizo baina ya atomi za metali. Graham alifariki tarehe 16 Septemba 1869, akiwa bado katika cheo chake.

Mgeni huyo wa ndani ya metali ana sura mbili. Kwa upande mmoja hutumika: betri za nikeli na haidraidi ya metali, zilizoendesha redio nyingi za mkononi kabla ya betri za lithi kuenea, hupokea haidrojeni zinapochajiwa na kuiachia zinapofanya kazi. Kwa upande mwingine huharibu. Mabomba ya zirkoni yanayofunika urani katika mitambo mingi ya nyuklia hunyonya haidrojeni kutoka katika maji ya moto. Ikizidi, hujikusanya kuwa vipande vyembamba vya haidraidi, na bomba lililokuwa imara likawa jepesi kuvunjika. Uganda, yenye mpango wa kujenga kituo cha nyuklia huko Buyende, itahitaji mafundi wanaolijua jambo hilo.

Lakini hatuna haja ya kungoja nyuklia. Tazameni barabara itokayo Mbarara kwenda Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Magari huipita yakiwa yamebeba watu na chakula. Fundi akichomelea chuma kigumu kwa vijiti vilivyolowa unyevu, moto wa umeme huyapasua maji hayo, na haidrojeni huingia katika chuma kilichoyeyuka. Kiungo huonekana kizuri machoni. Ufa waweza kutokea saa nyingi baadaye, hata siku ya pili, gari likiwa safarini na askari ndani yake.

Kwa hiyo vijiti vitunzwe pakavu, katika sanduku lililofungwa. Chuma kinene na kigumu kipashwe moto kwanza. Na kiungo muhimu kikaguliwe tena baada ya siku mbili, si siku ile ile tu. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, na haidrojeni huingia katika chuma kimya kimya.