Justine Siegemund, Mkunga wa Silesia

Mwaka 1636, katika kijiji cha Rohnstock, nchi ya Silesia, mchungaji mmoja wa Kilutheri alipata binti, akaitwa Justine. Zamani zile watu wengi wa huko walisema Kijerumani. Siku hizi kijiji hicho ni cha nchi ya Poland. Mwaka 1655 Justine akaolewa na karani mmoja, Christian Siegemund. Hawakujaliwa mtoto. Alipokuwa na umri wa miaka kama 20, wakunga walimwambia kwamba ana mimba, tena kwamba utungu umekwisha kumshika. Wakamlazimisha kuzaa, wala mimba haikuwako. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo la uzazi. Nusura afe. Alipopona akatafuta vitabu vya uzazi akavisoma, apate kujua yale ambayo wakunga wake hawakuyajua. Nia ya kuwa mkunga hakuwa nayo bado.

Mwaka 1659 akaitwa kwa mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza mkono. Ndugu wasomaji, ninyi mkaao mbali na hospitali mwajua hatari ya jambo hili. Mtoto aliyekingama tumboni hawezi kupita. Utungu humsukuma, bega likakaza njiani, na msaada usipopatikana tumbo la uzazi hupasuka. Wasiojua huuvuta ule mkono, kumbe kuuvuta ni kuzidi kumkwamisha. Justine alikuwa hajapata kumzalisha mtu. Alikuwa amesoma tu. Hata hivyo akasaidia, na yule mama akajifungua. Tangu hapo wake wa wakulima wakamwita mara kwa mara, na kwa muda wa miaka 12 aliwahudumia maskini bila ujira.

Katika kazi hiyo akagundua njia yake. Alitia mkono ndani akautafuta mguu wa mtoto, akaufunga kwa kitanzi cha utepe. Kisha kwa mkono mmoja, huko ndani, alimsukuma mtoto juu taratibu, na kwa mkono wa pili, huku nje, aliuvuta ule utepe. Hivyo mtoto akageuka, akazaliwa kwa miguu. Leo mama wa namna hii hupelekwa upesi kwa daktari apasuliwe, wala mtu asijaribu kugeuza nyumbani. Lakini siku zile kumpasua mama aliye hai kulikuwa karibu sawa na kumwua.

Mwaka 1670 mji wa Liegnitz ukamweka kuwa mkunga wake. Sifa zikaleta wivu. Mwaka 1680 Martin Kerger, tabibu aliyepata kuwa mkubwa wake, akamshtaki kwamba anahatarisha wazazi. Shauri likapelekwa kwa waalimu wa utabibu wa chuo kikuu cha Frankfurt kando ya mto Oder, nao wakampa haki mkunga. Mwaka 1683 mtawala wa Brandenburg akamwita Berlin awe mkunga wa nyumba yake.

Huko Uingereza jamaa ya Chamberlen walikuwa na koleo la kumtolea mtoto aliyekwama, wakaificha siri yake kwa muda wa zaidi ya miaka 100, ili faida iwe yao tu. Ni wazazi wangapi waliokufa wakati ule, nani awezaye kuwahesabu? Justine hakufanya hivyo. Aliandika yote aliyoyajua, akawaonyesha kwanza waalimu wale wa Frankfurt, na mwaka 1690 kitabu chake kikapigwa chapa, chenye picha za jinsi mtoto alalavyo tumboni na jinsi mkono wa mkunga unavyopita. Ni kitabu cha kwanza cha ukunga kwa Kijerumani kilichoandikwa na mwanamke. Amekiandika kwa maswali na majibu, namna ambayo walimu wetu wa katekisimu wanaijua sana: Christina anauliza, Justina anajibu.

Alifariki Berlin mwezi wa Novemba 1705. Katika mazishi yake ilitajwa hesabu ya watoto aliowapokea: karibu 6,200. Kitabu chake kiliendelea kuchapwa tena na tena baada ya kufa kwake.