Harry Gordon Selfridge

Harry Gordon Selfridge (Ripon, Wisconsin, Marekani, 11 Januari 1858 – London, Uingereza, 8 Mei 1947) alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Marekani aliyeanzisha duka la Selfridges katika barabara ya Oxford Street, London, mwaka 1909. Selfridges ni duka la idara, yaani duka kubwa linalouza bidhaa za aina nyingi chini ya paa moja, kila aina katika idara yake.

Selfridge hakuwa wa kwanza kuanzisha duka la namna hiyo. Anakumbukwa kwa sababu alilifanya duka kuwa mahali pa kutembelea, hata kwa mtu asiyekuwa na nia ya kununua chochote siku hiyo. Njia hiyo ilimtajirisha. Hata hivyo, aliendelea kutumia fedha nyingi kuliko alizopata, akapoteza uongozi wa kampuni yenye jina lake, na alipofariki hakuwa tena tajiri.

Maisha ya awali

Selfridge alizaliwa katika mji mdogo wa Ripon, lakini familia yake ilihamia Jackson, Michigan, alipokuwa bado mtoto mchanga. Baba yake, Robert Oliver Selfridge, alikuwa na duka la bidhaa mchanganyiko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, baba huyo alijiunga na jeshi la Kaskazini, akapanda hadi cheo cha meja. Vita vilipokwisha aliachishwa jeshi kwa heshima, lakini hakurudi tena nyumbani kwake.

Mama yake, Lois Frances Selfridge, aliachwa na watoto watatu wa kiume. Wawili kati yao walifariki wakiwa wadogo, akabaki Harry peke yake. Mama alijipatia riziki kwa kazi ya ualimu. Mama na mwana waliishi pamoja kwa sehemu kubwa ya maisha yao, hata baada ya Harry kuoa na kuhamia Uingereza.

Harry alianza kufanya vibarua akiwa mtoto, kama vile kusambaza magazeti. Akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule na kuajiriwa katika benki mjini Jackson. Baadaye mwenye duka mmoja wa mji huo aliyewahi kumwajiri, Leonard Field, alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa jamaa yake Marshall Field, mfanyabiashara mashuhuri wa Chicago.

Kazi huko Chicago

Mwaka 1879 Selfridge aliajiriwa katika kampuni ya Field, iliyokuwa ikiitwa Field, Leiter & Co. na baadaye Marshall Field & Co. Alianza na kazi za chini katika upande wa biashara ya jumla, akahamishiwa rejareja, kisha akapanda hadi kuwa meneja wa duka lote la rejareja. Baadaye alikubaliwa kuwa mbia mdogo wa kampuni. Alifanya kazi hapo kwa takriban miaka 25.

Katika miaka hiyo alijaribu mambo mengi aliyoyatumia baadaye London. Alizidisha matangazo ya biashara magazetini, akawasha taa katika madirisha ya duka usiku ili wapita njia waone bidhaa, na akaunga mkono kufunguliwa kwa idara ya bidhaa za bei nafuu katika ghorofa ya chini ya ardhi. Duka hilo liliweka pia mgahawa ndani yake, ili mteja aliyeshikwa na njaa asilazimike kuondoka kwenda kula kwingine. Msemo kwamba mteja ana haki siku zote huhusishwa na Selfridge au na Field mwenyewe.

Mwaka 1890 Selfridge alimwoa Rose Buckingham, aliyetoka katika familia yenye uwezo ya Chicago. Walipata watoto watano. Wa kwanza alifariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Waliobaki walikuwa mabinti watatu, Rosalie, Violette na Beatrice, na mwana mmoja, Harry Gordon mdogo.

Mwaka 1904 Selfridge alinunua duka la Schlesinger & Mayer la Chicago ili awe na biashara yake mwenyewe. Alilimiliki kwa miezi michache tu, kisha akaliuza kwa faida kwa kampuni ya Carson Pirie Scott. Baada ya hapo alipumzika, lakini hakuzoea kukaa bila kazi.

Kufunguliwa kwa Selfridges

Mwaka 1906 Selfridge alitembelea London. Mji huo ulikuwa tayari na maduka makubwa, kama vile Harrods na Whiteleys. Hata hivyo, aliona kwamba maduka mengi yalikuwa bado na desturi ya zamani. Bidhaa ziliwekwa nyuma ya kaunta au ndani ya makabati. Mteja alipoingia alikutana na msimamizi aliyemuuliza anataka nini, na mtu aliyetaka kutazama tu hakukaribishwa.

Selfridge aliamua kujenga duka lake mwenyewe na kuwekeza humo takriban pauni 400,000. Alichagua upande wa magharibi wa Oxford Street, karibu na Marble Arch, sehemu ambayo wakati huo haikuvutia wanunuzi matajiri. Mbia wake wa kwanza, Samuel Waring, alijitoa kabla ya ujenzi kwenda mbali. Pengo hilo lilizibwa na John Musker, aliyekuwa ametajirika kwa biashara ya chai na vyakula.

Jengo lilibuniwa kwa mchango wa Daniel Burnham, msanifu wa majengo kutoka Chicago. Lilitumia kiunzi cha chuma, njia iliyokuwa ngeni London. Kwa kuwa uzito ulibebwa na chuma badala ya kuta nene, iliwezekana kuweka madirisha mapana ya vioo upande wa barabarani na kumbi kubwa zisizo na kuta nyingi ndani.

Duka lilifunguliwa tarehe 15 Machi 1909, baada ya matangazo mengi magazetini. Liliendelea kupanuliwa hadi mwaka 1928, na mwaka 1931 saa kubwa yenye sanamu iliyochongwa na Gilbert Bayes iliwekwa juu ya mlango mkuu.

Mbinu za biashara

Ndani ya Selfridges bidhaa zilipangwa wazi ili mteja azishike na kuzichunguza mwenyewe. Wauzaji walifundishwa kusaidia bila kumsumbua mtu. Palikuwa na migahawa, vyumba vya kusomea na kuandikia barua, chumba cha kukaa kimya, na bustani juu ya paa. Manukato na vipodozi viliwekwa ghorofa ya chini karibu na milango, mpangilio ambao hadi leo unaonekana katika maduka mengi ya aina hiyo duniani.

Selfridge alitumia pia habari za siku kuvuta watu. Tarehe 25 Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot alikuwa mtu wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege. Selfridge alifanya haraka kuipata ndege hiyo na kuionyesha dukani kwa siku nne bila kiingilio. Watu wapatao 150,000 walikwenda kuitazama. Mwezi Aprili 1925 mvumbuzi John Logie Baird alionyesha humo chombo chake cha televisheni, kilichokuwa bado katika hatua za majaribio.

Kuanzia mwaka 1912 kampuni ilichapisha makala fupi magazetini kwa jina la Callisthenes, zilizozungumzia biashara na maisha ya mjini pamoja na duka lenyewe. Mwaka 1918 Selfridge alitoa kitabu kiitwacho The Romance of Commerce, kuhusu historia ya biashara na wafanyabiashara. Kitabu hicho kilitetea wazo kwamba biashara ni kazi yenye heshima, katika nchi ambayo watu wa tabaka la juu walikuwa na desturi ya kuidharau.

Duka na wanawake

Wateja wengi wa Selfridges walikuwa wanawake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke wa tabaka la kati aliyekwenda mjini peke yake alipata shida kupata mahali pa heshima pa kula, kupumzika au kujisaidia. Selfridges ilimpa mambo hayo yote mahali pamoja. Selfridge aliunga mkono pia madai ya wanawake kupewa haki ya kupiga kura, na duka lake lilitangaza bidhaa katika magazeti ya harakati hizo.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wengi waliokuwa wafanyakazi wa duka walikwenda vitani, na wanawake wakachukua kazi zao. Familia ya Selfridge ilipanga ngome ya Highcliffe, katika pwani ya kusini mwa Uingereza, ambako Rose alianzisha kambi ya kuwauguza askari wa Marekani waliokuwa wakipata nafuu. Rose alifariki mwaka 1918, wakati wa mlipuko wa homa ya mafua. Mama yake Selfridge alifariki mwaka 1924.

Upanuzi wa kampuni

Baada ya vita Selfridge alianza kununua maduka mengine. Mwaka 1919 alinunua Brown Thomas la Dublin, Ireland. Katika miaka ya 1920 alianzisha kampuni ya Selfridge Provincial Stores, iliyokusanya maduka katika miji mbalimbali ya Uingereza nje ya eneo la katikati ya London. Mwaka 1927 alinunua Whiteleys, mmoja wa washindani wake wa zamani. Katika ununuzi huo aliwahakikishia wanahisa wa Whiteleys gawio kwa miaka mingi, ahadi iliyokuja kuwa mzigo mauzo yaliposhuka.

Maisha yake binafsi yalikuwa ya gharama kubwa pia. Alipanga Lansdowne House, mojawapo ya nyumba za kifahari za London, na kufanya karamu kubwa. Alinunua ardhi ya Hengistbury Head kwa nia ya kujenga ngome, ambayo haikujengwa kamwe. Alicheza kamari mara kwa mara na kupoteza fedha nyingi, hasa akiwa pamoja na Dolly Sisters, pacha wawili waliokuwa wachezaji dansi maarufu.

Kuondolewa na kifo

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipunguza mapato ya kampuni, lakini Selfridge hakupunguza matumizi yake. Alichukua fedha za kampuni kwa mahitaji yake binafsi hadi akawa na deni kubwa kwa duka lake mwenyewe, na alidaiwa pia kodi na serikali. Mwaka 1937 alipata uraia wa Uingereza.

Mwaka 1939 wakurugenzi walimwondoa katika uenyekiti. Alibakizwa na cheo cha heshima kisicho na mamlaka, pamoja na pensheni ambayo baadaye ilipunguzwa. Mwaka 1940 maduka 15 ya Selfridge Provincial Stores yaliuzwa kwa kampuni ya John Lewis, na mwaka 1941 uhusiano wake na kampuni ulikwisha kabisa.

Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ya kupanga huko Putney, kusini-magharibi mwa London, akisafiri mjini kwa basi. Alifariki huko tarehe 8 Mei 1947 akiwa na umri wa miaka 89. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Marko, Highcliffe, karibu na mke wake na mama yake.

Kampuni baada yake

Mwaka 1951 Selfridges ilinunuliwa na kampuni ya Lewis's ya Liverpool, na mwaka 1965 ikaingia chini ya kampuni ya Sears ya mfanyabiashara Charles Clore. Matawi yalifunguliwa Manchester mwaka 1998 na 2002, na Birmingham mwaka 2003. Mwaka huohuo wa 2003 familia ya Weston ya Kanada iliinunua kampuni kwa takriban pauni milioni 598. Mwaka 2022 iliuzwa kwa kampuni za Central Group ya Thailand na Signa ya Austria. Signa ilipofilisika, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia ukawa mmoja wa wamiliki mwaka 2024.

Kati ya miaka 2013 na 2016 televisheni ya Uingereza ilionyesha tamthilia ya Mr Selfridge inayotokana na maisha yake. Jengo la Oxford Street limehifadhiwa kisheria kama jengo la kihistoria, na bado ni duka linaloitwa kwa jina lake.