Historia ya muji: Tippo Tip na makaratasi ya mali yake

Hapa Kisangani, jina la Tippo Tip linajulikana na wakubwa na watoto. Wengi wanamujua kama muuzaji wa watumwa na pembe za tembo, basi. Lakini mutu huyu aliacha makaratasi mengi nyuma yake: mikataba, madeni, barua na jamaa na wenzake wa biashara, kesi za tribinali, hata kitabu cha maisha yake. Ndugu wasomaji, leo tunayapitia makaratasi hayo, juu yanaonyesha namna mali kubwa ilivyopatikana kwetu, namna ilivyopotea, na ni watu gani ambao majina yao hayakuandikwa hata siku moja.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mufanyabiashara kule Tabora, na alioa katika ukoo wa watemi wa Wanyamwezi. Mama yake alitoka katika jamaa ya Waarabu wa Maskati. Hamed alianza safari za bara akiwa kijana. Hakuwa na pesa nyingi. Nguo, shanga na baruti alivikopa kwa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, zaidi Taria Topan. Deni liliandikwa, na lilirudishwa kwa pembe. Tena alioa binti ya Salum bin Abdallah el Barwani, mwanamuke mwenye mali yake mwenyewe Unguja na Maskati. Huyo njo mama ya Sefu, ambaye tutamukuta tena mbele.

Safari yake kubwa ilianza karibu mwaka 1870 na ikachukua miaka 12. Alipofika Utetela, kwa chifu Kasongo Rushie, hakutumia bunduki peke yake. Alisikia habari ya wanawake wa ukoo wa chifu waliokamatwa zamani katika vita na kupelekwa mbali. Akadai kwamba bibi yake mumoja alikuwa wa damu ile. Muzee akamusadiki, akamuachia utawala. Kwa hiyo, kwa maneno ya ukoo tu, mugeni akapata inchi na watu wake. Kiisha akajiweka Kasongo, katika Maniema, karibu na Nyangwe. Kule akajenga nyumba, akalimisha mupunga, akakusanya pembe. Waliozibeba pembe hizo mupaka bahari ni watu, na wengi wao walikamatwa katika vijiji vilivyochomwa.

Mwaka 1876 alikutana na Stanley, na kwa makubaliano ya pesa akamusindikiza kwa sehemu ya njia ya muto. Mwaka 1883 Stanley alirudi na kuweka kituo kwenye kisanga karibu na maporomoko yetu. Tippo Tip naye alikuja na watu wake, kwa jina la Sultani Barghash wa Unguja. Mwaka 1886 watu wa Waarabu walipigana na kituo, wazungu wakakimbia.

Hapa inakuja karatasi ambayo inatuhusu sana. Tarehe 24 Februari 1887, kule Unguja, Tippo Tip na Stanley walitia sahihi mukataba kwa jina la mufalme Leopold wa Ubelgiji. Tippo Tip akawa liwali wa Stanley Falls, maana yake Kisangani ya leo, kwa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Alipaswa kupandisha bendera ya Leta na kuzuia biashara ya watumwa upande wa chini wa maporomoko. Biashara yake ya pembe iliachwa huru. Leopold hakukanyaga hapa hata siku moja. Wagenia waliokuwa wakivua samaki katika maporomoko, Wakumu wenye pori, hakuna aliyeitwa kwenye meza ile. Tena miaka miwili mbele, tarehe 1 Julai 1885, Leta ilikuwa imekwisha kutoa amri kwamba udongo wote usio na mutu ni wake. Ni Leta yenyewe iliyochagua udongo gani hauna mutu.

Karatasi hizo zilimupa cheo, lakini zilimufunga pia. Aliahidi wapagazi 600 kwa safari ya Stanley ya kumutafuta Emin Pasha. Sehemu moja ya safari ile ilingoja Yambuya, kwenye muto Aruwimi, hapahapa Tshopo, na watu wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wapagazi walichelewa, na waliofika hawakutimia hesabu. Tippo Tip aliondoka hapa mwaka 1890. Stanley alifungua kesi juu yake Unguja, akidai paundi 10.000. Kesi ile iliachwa baadaye. Lakini mwenzake wa biashara wa zamani, Rumaliza, naye alimushitaki kwa Wadachi juu ya mali ya ushirika wao.

Huku Kongo, vita kati ya Leta na Waarabu ilianza mwaka 1892. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Sefu, mutoto wake, aliuawa mwaka ule ule. Rashid, mutoto wa ndugu yake aliyeachiwa Stanley Falls, alishindwa, akakimbia, kiisha akajitoa mikononi mwa Leta. Pembe, nyumba na mashamba ya huku vikapotea vyote. Cheo cha liwali hakikumusaidia kitu.

Lakini Unguja hakubaki maskini. Inaandikwa kwamba karibu mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa 10.000. Utumwa ulipofutwa na sheria kule mwaka 1897, malipo ya serikali yalipangiwa wenye watumwa, si watumwa wenyewe. Alikufa Unguja mwezi wa sita mwaka 1905. Nyumba yake ingali Shangani, na mulango wake wa kuchongwa. Kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili na herufi za kiarabu, kilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Barua nyingi za Waarabu wa Kongo zinalala mupaka leo katika maktaba za serikali ya Ubelgiji.

Ukisoma makaratasi hayo, unakuta majina ya Taria Topan, Barghash, Stanley, Rumaliza, Sefu. Ukitafuta wale 10.000, unakuta hesabu tu. Na wengine wao, ao ndugu zao, njo babu na bibi zetu. Katika familia nyingi za Kisangani na za Maniema kuna muzee anayejua kwamba bibi fulani alifika hapa na misafara ile, akabaki, akazaa, akaacha Kiswahili katika nyumba. Habari hiyo haiko Berlin wala Brussels. Iko katika kichwa cha muzee huyo. Kama angali muzima, mumuulize jina la bibi, kijiji chake, na muto aliozaliwa kandokando yake. Muandike kwenye kaye, na watoto waichunge.