Selim Bey: mlinzi wa baruti na wa ahadi



Ndugu zangu katika imani, kwenye ukurasa huu wa waliotutangulia tumezoea kusoma habari za masahaba na maulamaa wa nchi za mbali. Safari hii nimeona niwaletee mtu aliyepita karibu na kwetu. Mimi ni mtoto wa Koboko, na sekondari nilisomea Arua. Katika miji yote miwili utasikia Kinubi sokoni na msikitini, lakini vijana wengi hawamjui Selim Bey.

Selim alikuwa afisa Msudani wa jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, lililokuwa na ngome kando ya Nile: Lado, Dufile, Wadelai. Tangu 1878 gavana alikuwa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani. Mahdi alipoinuka Sudan njia ya mto ilifungwa, na Khartoum ilipoanguka Januari 1885 jimbo likabaki kama kisiwa. Hakuna meli, hakuna mshahara. Nguo askari walifuma wenyewe kwa pamba. Chakula walilima, na tuseme kweli, kingine waliwapokonya wenyeji. Sisi wa West Nile tunajua kwamba baadhi ya babu zetu walikuwa upande wa pili wa mtutu.

Shida kubwa ilikuwa risasi. Mwenye gobore huhitaji baruti kavu na kipande cha chuma. Baruti yoyote ya mfanyabiashara itamfaa, ilimradi haijalowa. Lakini askari hawa wengi walibeba Remington, bunduki za Marekani alizonunua Khedive wa Misri. Risasi yake ni ganda la shaba lenye fataki kitakoni, baruti iliyopimwa ndani na risasi ya madini mbele. Ikikosekana fataki, baruti yote ya dunia haisaidii. Kwa hiyo kila risasi iliyopigwa ilikuwa imepungua ghalani, na mwenye ufunguo wa ghala ndiye aliyekuwa mtawala hasa.

Agosti 1888 askari waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile. Wapiganaji wa Mahdi walipoteka Rejaf, Selim alikuwa miongoni mwa waliotetea gavana aachiliwe. Novemba mwaka huohuo Wamahdi waliishambulia Dufile yenyewe, na Selim ndiye aliyeongoza ulinzi hadi wakarudishwa nyuma. Matuta ya udongo ya ngome hiyo yapo mpaka leo, upande wa Moyo.

Stanley, aliyetumwa kumwokoa Emin, alimpa Selim muda wa kukusanya watu wake. Selim akarudi Wadelai. Huko afisa mwenzake, Fadl el Mula, na kundi lake walivunja ghala, wakachukua risasi na kwenda zao. Stanley aliondoka Aprili 1889 bila kumngoja. Selim akabaki Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, na maelfu ya wanawake, watoto na askari wenye risasi za kuhesabu.

Septemba 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alifika Kavalli akitafuta askari. Mtu aliyeishiwa risasi angekubali lolote. Selim alikataa: yeye alikuwa amekula kiapo kwa Khedive, na hangeweza kuingia chini ya bendera nyingine bila idhini yake. Wakapatana kwamba barua ipelekwe Misri, na watu wahamie Uganda wakingoja jibu. Hapo ndipo Wanubi walipoingia katika historia ya Uganda.

Mwaka 1892 Selim alisaidia kuwapatanisha Waislamu wa Buganda na Kampuni, na kiongozi wao, Nuhu Mbogo, akaja Kampala kwa amani. Juni 1893 ugomvi ulizuka tena. Selim, akiwa mgonjwa, alipeleka ujumbe kwamba atakayempiga Mbogo amempiga yeye. Kapteni Macdonald aliuona huo kuwa uasi. Askari wa Kisudani waliokuwa Kampala wakanyang'anywa silaha, Selim akakamatwa na kupelekwa pwani. Hakufika. Alifia njiani, Naivasha. Mbogo naye alihamishiwa Zanzibar.

Wapo wanaomwona Selim kuwa mzito, asiyejua majira yamebadilika: Khedive mwenyewe alikuwa ameshaliacha jimbo hilo. Nimelifikiria sana jambo hili, na siwezi kukubaliana nao. Katika fiqhi tunafundishwa kwamba amana hairejeshwi kwa yeyote anayeitaka, bali kwa mwenyewe. Fadl el Mula alikuwa na ghala zima. Mwaka 1892 aliingia chini ya Wabelgiji, na Januari 1894 akauawa akipigana na Wamahdi. Ghala halikumwokoa. Selim alikuwa na risasi chache na neno lake, na neno hilo ndilo lililofanya Khedive, Lugard na Mbogo kila mmoja awe na sababu ya kumwamini.

Sisi wanachuo tutapewa funguo: za hazina ya jumuiya, za ofisi, za dawa hospitalini. Tukiapa, tujue tunamwapia nani, na tujue kiapo hakipungui thamani kwa sababu ghala limekuwa tupu. Tusisahau pia wale waliopokonywa nafaka zao ili ngome ishibe. Haki yao nayo ni amana.

Allah amrehemu Selim, atusamehe sisi na wao. Aamiin.